Straika wetu ameondoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, maswali ni yale yale, na mengi huulizwa kwa hasira. Tumeyakusanya hapa kuanzia yale ya msingi hadi yale magumu yasiyo na jibu moja. Unaweza kusoma swali lako peke yake. Pale jibu linapohitaji msaada wa jibu lingine, tumekuelekeza.

## Mambo ya msingi

Kwa nini akiondoka mfungaji inauma kuliko akiondoka beki au kipa?

Kwa sababu shabiki anaikumbuka timu yake kwa mabao. Mwulize yeyote kuhusu siku timu yake ilipotwaa ubingwa: atakutajia nani alifunga, dakika ya ngapi, kwa mguu gani, na yeye mwenyewe alimrukia nani pale alipokuwa. Beki aliyeuondoa mpira kwenye mstari wa goli dakika chache kabla ya hapo hatajwi, ingawa bila yeye pasingekuwa na ubingwa wa kusimulia. Mei 2012 Manchester City walihitaji bao la ubingwa dhidi ya Queens Park Rangers (QPR) katika muda wa nyongeza, na Sergio Agüero akalifunga dakika ya 94 ikiendelea. Miaka kumi baadaye klabu ilimjengea sanamu inayomwonyesha katika tukio hilo hilo. Mechi ilichezwa na watu wengi, ila kumbukumbu imebaki na jina moja.

Sababu ya pili ni hofu, na si hofu ya bure. Mtu wa kukuhakikishia mabao 20 kila msimu ni adimu, na kila klabu inamtafuta. Siku anapotangazwa kwingine, shabiki ana huzuni ya kumpoteza mtu aliyempenda na papo hapo anaanza kupiga hesabu za msimamo wa ligi. Mambo hayo mawili yakigongana ndani ya kifua kimoja ndipo unapoona mtu mzima ananyamaza siku nzima.

Nimelia kwa ajili ya mchezaji asiyenijua hata jina. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Umemfuatilia wiki hadi wiki kwa miaka. Umejua anavyovuta pumzi kabla ya penalti, umejua akishika kiuno maana yake amechoka. Kwamba yeye hakujui hakupunguzi chochote katika ulichokiona na kukihisi wewe.

Na wachezaji wenyewe hulia. Luis Suárez alitokwa na machozi alipoaga Barcelona mwaka 2020, na mwaka uliofuata Lionel Messi alilia mbele ya kamera katika klabu hiyo hiyo. Ikiwa anayeondoka huku akilipwa analia, anayebaki bila malipo yoyote ana haki zaidi ya kulia.

Ushauri mmoja tu: usiku wa habari hiyo usiandike lolote mtandaoni linalomhusu yeye au familia yake. Subiri kupambazuke.

Mchezaji anadaiwa uaminifu na klabu?

Anadaiwa mambo mawili: kujituma hadi siku ya mwisho ya mkataba, na ukweli anapozungumza na waliomshangilia. Hadaiwi maisha yake yote. Straika ana miaka michache ya ubora, na goti moja likiharibika biashara imekwisha. Shabiki hana mkataba na klabu, na kwa sababu hiyo hawezi kuuvunja. Mchezaji anao, una tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho, na pande zote mbili zilisaini zikijua.

Mfano mzuri ni Robert Lewandowski. Januari 2014 ilitangazwa kwamba mwisho wa msimu angeondoka Borussia Dortmund kwenda Bayern Munich, mahasimu wakubwa, tena bila Dortmund kupata hata senti. Alibaki, akacheza miezi yote iliyosalia, akamaliza akiwa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mabao 20. Wapo waliochukia anakokwenda, lakini hakuna aliyeweza kusema amekula mshahara wa bure.

## Pesa na mikataba

Kwa nini klabu imuuze mfungaji wake bora? Si ujinga huo?

Mara nyingine ni ujinga kweli, lakini mara nyingi ni hesabu. Mkataba ukibakiza mwaka mmoja na mchezaji hataki kuongeza, klabu inachagua kati ya kupata pesa sasa au kutopata kitu baadaye. Mara nyingine ni madeni. Fiorentina walimuuza Gabriel Batistuta kwa Roma mwaka 2000 baada ya miaka tisa na mabao zaidi ya 200. Miaka miwili tu baadaye klabu ilishuka daraja ikafilisika. Aliyemlaumu Batistuta mwaka 2000 alikuwa akimlaumu mtu asiye na funguo za kabati la fedha.

Kwa hiyo kabla ya kumtupia mchezaji lawama, jiulize: mkataba ulibakiza muda gani, nani aliyeanzisha mazungumzo, na pesa zilizopatikana zimekwenda wapi? Viongozi wa klabu hupenda sana hasira za mashabiki zielekee kwa aliyeondoka, maana yeye hayupo tena kujibu.

Imekuwaje ameondoka bure?

Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, kwamba mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha anaweza kuhamia klabu nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya bila ada ya uhamisho. Kabla ya hapo klabu iliweza kumdai ada hata mtu ambaye mkataba wake ulikwisha. Leo, kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini yake anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine.

Kylian Mbappé aliondoka Paris Saint-Germain kwa njia hiyo mwaka 2024, akiwa mfungaji bora wa muda wote wa klabu kwa mabao 256, akaenda Real Madrid. Inauma mara mbili: umempoteza, na hukupata pesa ya kumtafuta mwingine. Lakini kisheria hakuiba chochote. Aliyeacha mkataba wa mtu kama huyo ufike mwisho ana maswali ya kujibu pia.

Kipengele cha kuvunja mkataba ni nini, na kwa nini viongozi hukikubali?

Ni kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ambacho klabu yoyote ikikilipa, klabu yenu haiwezi kukataa. Viongozi hukikubali kwa sababu bila hicho mchezaji asingesaini. Erling Haaland alikwenda Dortmund akiwa kijana ambaye nusu ya Ulaya ilimtaka. Kipengele hicho kilikuwa sehemu ya bei ya kumpata, na Manchester City wakakitumia mwaka 2022.

Kesi iliyouma zaidi ni ya Gonzalo Higuaín. Msimu wa 2015/16 alifunga mabao 36 ya Serie A, ligi kuu ya Italia, akiwa na Napoli, kisha Juventus wakakitumia kipengele cha mkataba wake na kumchukua kwa euro milioni 90. Napoli hawakuwa na la kufanya. Mji mzima uliona kwamba kipengele kinaweza kulipwa na yeyote, hata na yule ambaye usingemuuzia kwa bei yoyote.

Amegoma kufanya mazoezi ili auzwe. Tumvumilie?

Hapana. Hapa mashabiki wana haki yote. Kutaka kuondoka ni haki ya mchezaji, ila kuwaacha wenzake wakati mshahara unaingia ni kuvunja lile deni la kwanza tulilolitaja kwenye swali la uaminifu.

Machi 2025 Alexander Isak alifunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi, Newcastle wakaifunga Liverpool 2-1 na kupata kombe lao kubwa la kwanza la nyumbani tangu 1955. Kuna watu walizaliwa, wakazeeka, wakafa wakingoja siku ile. Miezi michache baadaye Isak hakwenda na timu kwenye ziara ya maandalizi, hakucheza mwanzo wa msimu, na tarehe 1 Septemba akahamia kwa hao hao Liverpool kwa pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Pesa ni nyingi na klabu haikupata hasara. Lakini wale waliongoja miaka 70 walistahili kuagwa kwa namna nyingine, na hasira yao siwezi kuiita utoto.

Klabu iliyomkuza utotoni inapata chochote?

Ndiyo. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, kadiri ya muda aliokaa katika kila moja. Kwa klabu ndogo mgao huo unaweza kulipa mishahara ya msimu mzima.

## Kwenda kwa mahasimu

Kwa nini kwenda kwa watani wa jadi ni jambo jingine kabisa?

Kwa sababu akienda mbali anakuachia kumbukumbu, akienda kwa mtani anazigeuza. Yale mabao uliyoyahifadhi sasa yana mtu mwenye jezi ya adui ndani yake. Ukiyatazama tena hutulii.

Robin van Persie aliifungia Arsenal mabao 30 ya ligi msimu wa 2011/12, akiwa nahodha. Julai 2012 alitoa tamko la wazi kwamba hataongeza mkataba kwa kuwa hakubaliani na mwelekeo wa klabu. Mwezi uliofuata alikuwa Manchester United. Akafunga mabao 26, akachukua kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa ligi, na United wakatwaa ubingwa. Kisha ikaja siku ya Aprili 2013: wachezaji wa Arsenal walijipanga mistari miwili uwanjani kwao wenyewe kuwapigia makofi mabingwa, na aliyekuwa nahodha wao akapita katikati. Ndani ya mchezo ule ule akafunga penalti ya kusawazisha. Shabiki wa Arsenal aliyekuwa uwanjani hakuhitaji kuelezwa kwa nini uhasimu unauma.

Fernando Torres alikuwa na mabao 81 katika mechi 142 za Liverpool alipohamia Chelsea siku ya mwisho ya dirisha, 31 Januari 2011, kwa pauni milioni 50. Chelsea si watani wa jadi wa Liverpool kwa jiografia. Ila katika miaka ile timu hizo zilikuwa zimekutana mara nyingi mno katika Ligi ya Mabingwa kiasi kwamba chuki ilishakomaa. Uhasimu haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa mechi ambazo mmoja alimnyima mwenzake usingizi.

Mwezi uliopita alibusu nembo mbele yetu. Alikuwa anatudanganya?

Si lazima. Straika akishafunga mbele ya maelfu wanaoliita jina lake, anachokihisi wakati ule ni cha kweli. Tatizo ni kwamba sisi tunakichukua kama ahadi na yeye anakitoa kama furaha. Kama alibusu nembo akiwa tayari amekubaliana na wengine, hapo ndipo pana kosa, kwa sababu ukweli ni sehemu ya deni lake. Binafsi nampenda zaidi mfungaji anayemkimbilia aliyempa pasi.

Nichome jezi yake?

Ni yako, umeinunua, na hakuna atakayekuzuia. Tunashauri usiichome, na sababu si heshima kwa mchezaji. Jezi ile ina nembo ya klabu yako kifuani, na jina lake limekaa mgongoni tu. Pia hasira hupoa kabla ya vile unavyodhani (soma swali la kusamehe hapo chini), na wengi waliochoma hutamani baadaye wangekuwa nayo. Ikunje, iweke mahali usipopaona.

Kumzomea kuna mipaka?

Kuna mipaka, nayo iko wazi. Kuzomea kila anapogusa mpira, kupiga filimbi, kuimba kwamba timu ni kubwa kuliko yeye, hiyo ni sauti ya uwanja na wachezaji wenyewe wanaijua. Kugusa rangi yake, wazazi wake, watoto wake au ajali iliyompata, au kumtishia maisha, huko mpira umekwisha na kilichobaki ni unyama.

Septemba 2009 Emmanuel Adebayor, aliyetoka Arsenal kwenda Manchester City kiangazi kile, aliifunga Arsenal na kukimbia uwanja mzima, goli hadi goli, akateleza kwa magoti mbele ya mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakimrushia vitu. Picha zake zimezunguka dunia kama mfano wa mchezaji asiye na adabu, na chama cha soka cha Uingereza kilimwadhibu. Kinachosahaulika ni alichoeleza baadaye: kwamba kabla ya hapo wazazi wake walikuwa wameimbiwa matusi. Mbio zile zilikuwa za kijana mwenye hasira. Waliomtukana mama yake na baba yake hawakuwa na la kulalamikia.

## Akirudi uwanjani kwetu

Kwa nini wengine hawashangilii wakitufunga? Ni unafiki?

Mashabiki wamegawanyika. Wengine husema kama umelipwa kufunga, funga na ushangilie. Mimi niko upande wa wanaokubali ukimya ule, kwa sababu nimeona jinsi unavyoonekana ukiwa wa kweli.

Tarehe 26 Novemba 2000, Roma dhidi ya Fiorentina, zikiwa zimebaki dakika chache na matokeo ni suluhu. Mpira unamwangukia Batistuta nje ya kumi na nane. Anaupiga kwa nguvu ile ile ambayo Firenze, mji wa Fiorentina, iliijua kwa miaka tisa, unaingia. Wenzake wanamrukia, uwanja unawaka, naye amesimama na uso umekunjamana, macho yamejaa machozi. Roma walishinda 1-0 na mwisho wa msimu wakawa mabingwa, ubingwa pekee wa ligi alioupata Italia. Hata hivyo jioni ile hakuweza kucheka.

Denis Law naye, Aprili 1974, akiwa na Manchester City uwanjani Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United. Alikuwa ameifungia Manchester United mabao 237, kisha akaachwa aondoke bila ada mwaka mmoja kabla. Dakika za mwisho mwisho akapiga mpira kwa kisigino, ukaingia, na siku hiyo United wakashuka daraja. Akatolewa akiwa ameinamisha kichwa. Matokeo ya viwanja vingine yalionyesha kwamba United wangeshuka hata bila bao lile, ila hilo halikumfariji. Leo sanamu yake imesimama nje ya uwanja huo huo.

Ukimya ulio wa bandia upo pia, wa mtu aliyecheza miezi sita kisha ananyanyua mikono kuomba radhi. Muda aliokaa na alivyoondoka vitakuambia upi ni upi.

Lini tutamsamehe? Au hatutamsamehe?

Wengi husamehewa, na kasi hutegemea mambo mawili: kama aliondoka akisema ukweli, na kama timu imepata furaha nyingine tangu hapo. Torres alizomewa vikali baada ya 2011. Machi 2015 alirudi Anfield, uwanja wa Liverpool, katika mechi ya hisani ya Steven Gerrard na uwanja ukamshangilia. Miaka minne tu.

Antoine Griezmann ni somo lenyewe. Alitoka Atlético Madrid kwenda Barcelona mwaka 2019 kwa euro milioni 120 za kipengele cha kuvunja mkataba, na mashabiki wa Atlético wakaliharibu bamba lake la heshima nje ya uwanja. Mwaka 2021 akarudi kwa mkopo, wakampigia miluzi. Hakubishana nao. Alikimbia, alirudi kukaba, alicheza popote alipopangwa, na Januari 2024 akampita Luis Aragonés kuwa mfungaji bora wa muda wote wa klabu. Hakuna tamko la kuomba radhi ambalo lingemfikisha hapo.

Wapo wasiosamehewa. Romelu Lukaku aliondoka Inter, akasema anaipenda, akarudi kwa mkopo, kisha mwaka 2023 ikajulikana kwamba alizungumza na Juventus. Akaishia Roma, na aliporudi San Siro, uwanja wa Inter, alipigiwa miluzi mechi nzima. Kwake shida ilikuwa maneno. Aliwaambia watu anawapenda, wakamwamini, na kwa hiyo wakamhesabia.

Akirudi kuichezea klabu tena akiwa mzee, tutarajie nini?

Tarajia machache na ufurahie yote. Thierry Henry, mwenye mabao 228 ya Arsenal, alirudi kwa mkopo mfupi Januari 2012 na katika mechi ya kwanza akafunga bao pekee dhidi ya Leeds, akitokea benchi. Didier Drogba aliondoka Chelsea baada ya kufunga penalti ya ubingwa wa Ulaya mwaka 2012, akarudi 2014 na kupata taji jingine la ligi. Hawa walirudi kusaidia. Klabu ikimleta mtu ili kuuza jezi tu, timu haifaidiki na heshima yake inapungua.

## Maisha baada yake

Timu itaanguka?

Inaweza kuanguka kwa muda. Liverpool walifunga mabao 101 ya ligi msimu wa 2013/14, Suárez akiwa na 31, wakamaliza wa pili. Akaenda Barcelona. Msimu uliofuata walifunga 52 na kumaliza wa sita. Hakuna maneno matamu ya kufunika tofauti hiyo, ingawa majeraha ya Daniel Sturridge yaliongeza tatizo.

Lakini tazama Napoli. Edinson Cavani aliondoka 2013, watu wakasema imekwisha, akaja Higuaín. Higuaín akaondoka kwa namna tuliyoieleza. Arkadiusz Milik aliyenunuliwa kuziba pengo akaumia goti, na Dries Mertens, winga mfupi ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa namba tisa, yaani straika wa kati, akasogezwa kati na kufunga mabao 28 ya ligi. Baadaye akawa mfungaji bora katika historia ya klabu. Akaja Victor Osimhen na ubingwa wa 2023, wa kwanza baada ya miaka 33. Osimhen naye akaenda Galatasaray, na mwaka 2025 Napoli wakatwaa ubingwa tena. Laiti kila aliyelia mwaka 2013 angeonyeshwa orodha hiyo, asingeiamini.

PSG walibeba Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza Mei 2025, kwa ushindi wa 5-0 dhidi ya Inter, msimu wa kwanza tangu Mbappé aondoke. Mzigo wa mabao ulipogawanywa, wengine wakainuka.

Swali la kuwauliza viongozi, kwa hiyo, ni kama kuna mpango. Liverpool walipomuuza Torres walimleta Andy Carroll kwa pauni milioni 35 siku ile ile, kwa haraka, na haikufaulu. Suárez, aliyesajiliwa dirisha hilo hilo, ndiye aliyekuja kuwa pengo lao jingine.

Mwanangu analia na hataki tena kuvaa jezi ya timu. Nimwambie nini?

Usimwambie ni mpira tu. Kwake si mpira tu, na wewe unajua hivyo kwa sababu ndiwe uliyempeleka. Mwambie ukweli: ameondoka, hakuchukii, na yale mabao uliyoyaona hayawezi kufutwa na mtu. Mwache achague kama anataka kumfuatilia huko alikokwenda. Akikuuliza kama na wewe uliwahi kulia, mjibu, na umtajie jina la mchezaji wako. Usimlazimishe kumpenda straika mpya wiki ileile. Mpya akifunga bao la dakika za mwisho, mtoto atamhamia mwenyewe bila kusukumwa.

Naruhusiwa kuendelea kumshangilia huko alikokwenda?

Ndiyo, isipokuwa akicheza dhidi yenu. Harry Kane alijiunga na Tottenham akiwa na miaka 11, akafunga mabao 280, rekodi ya klabu, bila kombe hata moja. Alipokwenda Bayern mwaka 2023 mashabiki wengi wa Tottenham walimtakia heri kwa dhati, kwa kuwa walijua kwamba klabu ndiyo iliyoshindwa kumpa alichostahili. Mei 2025 Kane akapata ubingwa wa Ujerumani, na mwezi huo huo Tottenham wakashinda Ligi ya Europa bila yeye.

Fiston Mayele vivyo hivyo. Aliondoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023 akiwa kipenzi, na sherehe yake ya kutetema ikiigwa hadi na watoto. Pyramids walipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2025 naye akafunga katika mechi ya marudiano ya fainali, Wananchi wengi, yaani mashabiki wa Yanga, walifurahi kana kwamba ni mtu wa nyumbani. Yanga walikuwa wameendelea kuchukua ubingwa bila yeye, na hilo lilirahisisha furaha hiyo.

## Kesi ngumu

Na kama klabu ndiyo iliyomsukuma?

Basi hasira ipelekwe ofisini. Suárez, tuliyesema alilia, hakutaka kuondoka Barcelona mwaka 2020; kocha mpya hakumhitaji. Alikwenda Atlético, akafunga mabao 21 ya ligi, wakawa mabingwa. Shabiki wa Barcelona aliyemzomea angekuwa amemkosea.

Waliobaki maisha yao yote walipenda zaidi?

Walipenda kwa namna yao, na tuwashukuru. Alan Shearer alichagua Newcastle mwaka 1996 wakati Manchester United walikuwa wakimtaka, akafunga mabao 206, na hakushinda kombe lolote akiwa huko. Francesco Totti alikaa Roma hadi 2017, mabao 307, ubingwa mmoja wa ligi. Lakini wote wawili walikuwa na klabu iliyotaka wabaki na iliyoweza kuwalipa. Tusimpime kwa Totti mtu ambaye klabu yake ilikuwa ikihesabu siku za kufilisika.

Alikuwa kwa mkopo na ametupa nusu msimu mzuri. Nina haki ya kuumia?

Unayo, ila huna haki ya kumlaumu. Tarehe ya kurudi ilijulikana kabla hajavaa jezi. Mshukuru na udai viongozi waeleze kama walijaribu kumnunua.

Uvumi kuhusu straika wetu wa sasa umeanza. Niuamini?

Tazama mkataba kwanza. Aliyebakiza miaka mitatu na anayefanya mazoezi kila siku huenda anatajwa tu na wakala anayetafutia mteja wake nyongeza ya mshahara. Aliyebakiza mwaka mmoja na hajakaa mezani na klabu yuko njiani, hata kama anasema yuko vizuri. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye wa kuwaulizia viongozi sasa hivi, kabla dirisha halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa bei na muda vyote viko mikononi mwa mnunuzi.